Mkono wa Bi Khole

Karatasi ile niliiandika mimi, na sioni sababu ya kujificha. Nina ofisi ndogo ya safari hapa Ibra, Oman, na wateja wangu wengi huenda Bangkok, wengine kutibiwa, wengine kustarehe. Nilikuwa nimechoka kusikia wenzetu wametia aibu katika nchi za watu, basi nikawaandikia ukurasa mmoja wa adabu za kule. Vua viatu mlangoni. Usimwelekezee mtu nyayo zako. Usipaze sauti, hata ukiudhiwa. Na usimguse mtu kichwa, hata akiwa mtoto, maana kichwa kwao ni kitu cha heshima kubwa. Nikaona nimefanya jambo la maana sana.

Bi Khole alipokuja kwa ajili ya tikiti yake, aliisoma karatasi akacheka. Viatu tunavua, akasema, na kelele hatupigi; au hawa watu wamelelewa Unguja? Yeye mwenyewe kazaliwa Unguja, akaletwa Oman akiwa msichana, na Kiswahili chake mpaka leo hakijaingia doa. Ni mjane. Jumatano huuza vitumbua na mikate ya ufuta kwenye soko la wanawake, na siku nyingine sita hukaa na redio. Wanaobisha hodi kwake ni akina mama wenye watoto wa homa au wanaoshtuka usingizini. Huwawekea kiganja utosini, huwasomea, huwapulizia. Kama wanapona sijui, lakini wanalala.

Mwanawe ni mmoja tu, Mohannad, mhandisi huko Bangkok. Alioa hukohuko, Mwislamu mwenzetu aitwaye Rohana, na Bi Khole aliipinga ndoa hiyo kwa simu kabla hajamwona mwanamke mwenyewe. Ulimi hauna mfupa. Mohannad hakurudi nyumbani miaka mitano. Akazaliwa Balqis, akafika miaka mitatu, bibi yake anamjua kwa picha. Halafu mwaka huu Bi Khole akaitwa akakae nao siku kumi. Alitaka jambo moja tu, kumwekea mjukuu wake mkono na kumsomea kama yeye alivyosomewa, na daktari alikwisha kumwambia kwamba moyo wake hautastahimili safari nyingi.

Aliponieleza hayo, nilimkatiza. Nikamwambia ile ya kichwa ndiyo kali kuliko zote, na atamwaibisha mwanawe mbele ya wakwe.

"Hata bibi?" akaniuliza.

"Hata bibi," nikamjibu.

Nilijibu nisilolijua, kwa sauti ya mjuzi. Yeye, kwa kuwa alishamkosea Rohana mara moja, hakutaka kumkosea mara ya pili. Akaikunja karatasi, akaitia mkobani.

Aliporudi nilikwenda kumwamkia. Nyumba ilikuwa kimya, na sanduku bado limesimama ukumbini. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba, akanimiminia kahawa, akanisimulia. Nyumba nzuri, mkwe mpole, chakula kitamu ila pilipili. Mohannad alitoka asubuhi na kurudi jioni amechoka. Na Balqis kila siku alimletea kitana, akakaa chini mbele yake, akamlalia mapajani.

"Wallahi Shurooq, kiganja kilikuwa kinaniwasha," alisema. "Nikakikalia."

Alimsomea vivyo hivyo, bila kumwekea mkono, pumzi ikapotelea hewani. Mtoto alingoja kidogo, kisha akaenda kwa mama yake na kitana chake. Wazee wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Yeye siku kumi alibaki mgeni, na hata ufagio hakuushika. Niliona huruma, lakini moyoni nilijisifu kwamba mteja wangu ameshika adabu. Astaghfirullah.

Jumatano iliyofuata alikuja ofisini moja kwa moja kutoka sokoni, akakaa bila kuvua barakoa, ile ya uso wavaayo wanawake wa huku. Mohannad alikuwa amempigia. Alimwuliza swali moja: "Mama, chuki yako imefika mpaka kwa mtoto?" Rohana alikuwa amelia wiki nzima. Alimpeleka mtoto kwa bibi yake kila siku na kitana mkononi, akitaraji, na bibi hakumgusa hata mara moja. Baba yake Rohana humwekea Balqis mkono kichwani kila baada ya sala ya alasiri. Kumbe lile katazo la karatasi yangu ni kwa watu wa nje. Nani asiyejua hilo?

Mimi sikujua. Kwanza nilimkasirikia Mohannad, kwani ana macho na ulimi, na siku kumi si chache. Kisha hasira ikarudi nyumbani kwake, na nyumbani kwake ni hapa kwangu.

Nilimwuliza kama amemweleza. Alisema amemweleza, na Mohannad akaomba radhi, akasema watakuja mwakani inshallah, kazi zikiruhusu. Nikasema basi, mwakani si mbali. Bi Khole akavua barakoa, akaiweka mapajani. Juzi daktari kampima tena. Ndege hapandi tena, na hiyo mwakani yenyewe daktari hakuitaja kwa uhakika. Hilo Bi Khole hakumwambia mwanawe.

Niliinuka nikafunga mlango, nikapiga magoti mbele ya kiti chake, nikauvuta mtandio wangu nyuma.

"Niwekee mimi, Bi Khole."

Akaniwekea kiganja utosini, kizito, cha moto, kinanuka ufuta. Akasoma polepole bila kuruka kitu. Alipofika pa kumtaja anayeombewa, akasema Balqis binti Mohannad, akapuliza.