Hakubuni Chochote

Mjini Kasongo hapakuwa na mtu aliyejua kusifu kama Zacharie. Kulaumu kila mtu anaweza, hakuhitaji shule. Lakini Zacharie, aliyefundisha Kifaransa katika shule ya misheni mpaka sauti ikamkauka, alikuwa na jicho la kuona jema pale ambapo wengine waliona vumbi. Alipostaafu alinunua televisheni na paneli ya jua, na Christophe, mwenye gazeti dogo la mji, akampa ukurasa wa nyuma. Hapo Zacharie aliandika juu ya michezo ya televisheni: ile ya machozi inayotoka Kinshasa, ile ya wapenzi wa nchi za mbali, na zaidi ya yote vichekesho vya vikundi vya kwetu mashariki.

Hakulaumu hata mara moja. Mwigizaji aliposahau maneno yake mbele ya kamera, Zacharie aliandika, "Kimya chake kilitupa nafasi ya kufikiri." Mchezo mwingine taa zilizimika katikati, naye akaandika, "Waliobaki gizani walisikia vizuri zaidi." Watu walicheka, lakini walisoma. Hata wasiojua kusoma waliyapata maneno yake, kwa kuwa redio ya mji iliyasoma kila Jumamosi.

"Kwa nini husemi kamwe kwamba mchezo ni mbaya?" Christophe alimuuliza siku moja.

"Mchezo mbaya utakufa wenyewe. Mimi si mchimba makaburi."

Ilikuwa tabia ya nyumba yao kutomsema mtu vibaya. Baba yao alikuwa katekista, na kaka yake mkubwa, Placide, alikuwa mkuu wa shule ile ile ya misheni hadi alipofariki. Placide alikuwa mtu wa maneno machache. Kabla ya kusema jambo lolote alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, ndipo akafungua kinywa. Alimwacha mjane, Louise, mwalimu pia, na mabinti wawili. Mkubwa, Emmanuella, aliolewa baba yake angali hai. Mdogo, Laetitia, alikuwa bado anabebwa mgongoni baba yake alipozikwa, na Zacharie ndiye aliyesimama mahali pa baba.

Mwaka huu Laetitia alichumbiwa. Mchumba, Serge, ni muuguzi, kijana wa Kabambare mwenye adabu. Wazee wake walituma habari kwamba watakuja Kasongo kuomba rasmi baada ya mavuno ya mpunga. Kwa hiyo jina la nyumba lilikuwa mikononi mwa Zacharie, naye alilibeba kama mtu anayebeba mayai kwenye pikipiki.

Kabla ya mavuno, Magloire alimwita. Magloire alikuwa kiongozi wa kikundi cha vichekesho cha mjini, na ukoo wake na ukoo wa Zacharie ni watani tangu mababu. Mtani ana ruhusa. Anaweza kukutukana hata kwenye matanga ya mama yako, nawe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako.

"Mutani, kuja uangalie mchezo wangu mupya," alisema Magloire. "Unaitwa *Wakwe Wamefika*. Vipande viwili viko tayari. Angalia kwanza, kama kuna kitu kinauma, useme."

Zacharie akaketi mbele ya kioo cha televisheni. Akaona baba mmoja mwenye majivuno anayejiandaa kupokea wakwe. Kila alipotaka kusema, baba yule alivua miwani, akaifuta polepole, akaivaa, na wakati huo mkewe alikuwa amekwisha kuamua jambo lenyewe. Zacharie alicheka mpaka akashika ubavu. Akaenda nyumbani akaandika sifa ambazo hajawahi kuandika. Alimaliza hivi: "Nyumba hii ninaijua. Kila mtu wa Kasongo anaijua. Mtunzi huyu hakubuni chochote."

Kwa Zacharie hiyo ilikuwa ndiyo sifa ya juu kabisa.

Televisheni ya mji haifiki mbali, lakini michezo ina miguu yake. Vijana wa sekretarieti za sokoni, vile vibanda vya kompyuta, huiweka katika kadi za simu, waendesha pikipiki huzichukua, na baada ya muda mfupi wachimbaji wa dhahabu wa Lusangi na wa Kabambare wanacheka kicheko kile kile cha Kasongo. Na Magloire, kwa furaha yake, aliweka maneno ya Zacharie mwanzoni mwa kila kipande. Sauti nzito ilisema: "Kama alivyoandika Mwalimu Zacharie: mtunzi huyu hakubuni chochote."

Kipande cha tatu kilionyeshwa Jumapili mchana, baada ya misa. Zacharie alikitazama uani kwa Louise, pamoja na majirani.

Katika kioo, baba mwenye miwani alimwita jirani yake Mwislamu aje kuchinja, ili wageni wote wale bila wasiwasi, kama tunavyofanya sisi sote hapa. Jirani akampapasa mbuzi mgongoni.

"Mbuzi muzuri!" akasema. "Mwenyewe anajua kufuga."

Akachinja. Wakwe wakala. Jua lilipopanda, jirani akarudi, akaona ngozi nyeusi yenye doa jeupe imetandazwa kwenye ua.

"Papa, hii ngozi ninaijua. Ni mbuzi yangu!"

Baba akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Karibu ule," akasema. Kisha akageukia kamera, akakonyeza jicho.

Majirani walikuwa wakicheka. Halafu mama mmoja mzee akaacha kucheka, akamtazama Louise. Mwingine naye akaacha. Mwishowe televisheni ikaendelea kucheka peke yake.

Ukweli wa jambo lile usemwe hapa jinsi ulivyokuwa, maana umesemwa vingine kwingi. Siku wakwe wa Emmanuella walipokuja, Placide alikuwa na mbuzi wake kwa mfugaji mmoja wa njia ya Lusangi, ambaye alifuga pia mbuzi wa jirani yao, Abdallah. Kijana aliyetumwa alifika na ukungu bado haujaondoka, akamleta asiye wao. Abdallah ndiye aliyeitwa kuchinja. Alimsifu mbuzi yule, akamchinja kwa mkono wake, asijue kwamba ni wake. Ngozi ilipokauka juani ndipo alipolitambua doa. Placide, kwa fadhaa, hakupata neno lingine ila "Karibu ule." Abdallah ndiye aliyecheka wa kwanza, akanawa mikono, akala. Kesho yake Placide alimpelekea mbuzi jike mwenye mimba, na urafiki wao haukutetereka mpaka kifo. Sasa wote wawili wamelala kaburini, na hakuna awezaye kushuhudia kilichokuwa moyoni mwa Placide.

Placide hakukonyeza jicho. Hakujua. Lakini kukonyeza kule ndiko kulikomfanya mwizi, na aliyethibitisha kwamba hakuna kilichobuniwa alikuwa ndugu yake wa damu.

Majirani walipotoka, Louise alikunja mikeka mmoja mmoja. Hakupandisha sauti.

"Shemeji, hukumuona?"

"Sikumuona, Mama Emmanuella. Niliona mtu wa kuchekesha tu. Placide hakuwa mtu wa kuchekesha."

"Basi wewe umechinja kama Abdallah," alisema Louise. "Umemsifu mgongo, ukamkata shingo."

Zacharie alimwendea Magloire siku chache baadaye. Alimkuta anapaka rangi viti vya maigizo.

"Mutani! Umekuja kunipongeza?"

"Nimekuja kukuomba. Toa pale anapokonyeza jicho."

"Nitoe wapi? Kiko Lusangi, kiko Kabambare, kiko mu simu za wachimbaji wote. Nikimbize pikipiki gani?"

"Basi toa maneno yangu."

"Maneno yako ndiyo yanaleta watu." Magloire akaweka brashi chini, akamtazama vizuri. "Ngoja. Uko na hasira? Wewe, mutani wangu?"

"Sina hasira."

"Maana miye nilikuita. Sikukuita? Nilisema, angalia, kama kinauma useme. Hiyo ndiyo adabu ya utani. Mama yangu alikula ile mbuzi, yeye ndiye alinipa hadisi. Nikasema, siwezi kumutoa yule baba mbele ya watu bila kumuonyesha Zacharie kwanza. Ukacheka, ukaandika. Nikasema moyoni, ile nyumba iko na watu wenye moyo mukubwa."

"Sikumtambua."

"Placide? Hukumutambua Placide?" Magloire akaacha kutabasamu. "Miwani yake? Ndugu yako?"

Zacharie aligeuka kuondoka. Angeweza kuvumilia dhihaka. Huruma ile ya mtani wake ndiyo iliyomrudisha nyumbani kwa miguu mizito.

Akaketi kuandika. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliandika lawama. Aliandika kwamba mchezo *Wakwe Wamefika* umepotosha, kwamba kichekesho kisichoheshimu wafu si kichekesho. Kalamu yake, iliyozoea kuteleza, ilikwamakwama kama baiskeli kwenye mchanga. Akampelekea Christophe.

Christophe alisoma akiwa amesimama. "Hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Nitachapa ukitaka, gazeti ni lako pia. Lakini fikiri, Mwalimu. Umesifu michezo yote. Umesifu hata ule wa taa kuzimika! Leo ulaumu mmoja tu? Wasiojua watauliza, mbona huu? Na wanaojua watawajibu."

Zacharie alikunja karatasi yake, akaitia mfukoni.

Wakwe wa Kabambare wakatuma habari kwamba wako njiani. Ndipo likaja jambo la chakula, nalo likawa zito kuliko mahari. Zacharie alitaka samaki wa mtoni, wa Nyangwe.

"Samaki?" Louise akasema. "Tuwape wakwe samaki, waseme tunaogopa mbuzi?"

"Tukipika mbuzi watauliza ni wa nani."

"Waulize. Nyumba hii ilipokea wakwe kwa mbuzi tangu babu yenu. Sitabadili sufuria kwa sababu ya watu wa kuchekesha."

Basi akachinjwa mbuzi, wa kahawia mwili mzima, asiye na doa hata moja, aliyezaliwa katika ua ule ule. Na Zacharie, bila kumwambia mtu, alifanya jambo aliloliona la busara: alitandaza ngozi ile kwenye ua karibu na mlango, juani, ili kila mgeni aone kwa macho yake kwamba si nyeusi.

Wageni walifika wakiwa na vumbi la njia, wakiongozwa na mjomba wa Serge, Mzee Lwamba. Walivuka mlango mmoja mmoja, na mmoja mmoja waliiona ngozi. Mzee Lwamba aliitazama, akakohoa. Kijana wa nyuma aliziba kinywa kwa kofia. Mwingine akamgeukia mwenzake, akakonyeza jicho.

Hapo Zacharie akajua alichofanya. Lakini huwezi kwenda kuanua ngozi wageni wakikutazama.

Maneno yalikwenda vizuri, adabu pande zote. Kisha chakula kikaletwa: wali mpya, sombe ya majani ya muhogo, na nyama ya mbuzi katika bakuli kubwa la wageni. Mzee Lwamba alinawa, akala wali, akala sombe, akasifu mkono wa mpishi. Wengine wakamfuata. Bakuli la nyama lilizunguka mkeka wote kama mgeni asiyekaribishwa, likarudi limejaa.

"Nyama iko, Muzee," alisema Zacharie. "Ni mbuzi yetu. Amezaliwa hapa."

Alipokwisha kusema, akatamani aurudishe ulimi wake.

"Hatujauliza, mukwe," alijibu Mzee Lwamba kwa upole. "Tumeshiba."

Louise alikuwa amesimama mlangoni, shingo wima, kama anavyosimama mbele ya darasa.

Mzee Lwamba akaendelea. "Binti tunamupenda, na Serge wetu hataki mwingine. Neno ni moja tu. Sherehe tuifanyie kwetu Kabambare. Mbuzi tutachinja siye."

"Kwa desturi, Muzee," alisema Louise, "mama wa binti ndiye hulisha kwanza."

"Desturi tunaijua, Mama. Hatuikatai. Lakini njia iko mubaya, na mvua zinakuja. Hatutaki kuwachosha."

Jua lilikuwa kali, mbingu haina wingu. Zacharie alitafuta neno. Alikuwa na maneno mengi, miaka yote hiyo ya maneno mazuri, na hakuna hata moja lililofaa. Akajikuta anavua miwani yake. Akalishika pindo la shati kabla ya kujua anafanya nini, na alipoinua macho aliona vijana wa Kabambare wanatazama chini, mabega yanatikisika.

"Sawa," alisema Louise. Neno hilo tu.

Wageni walipoondoka, Laetitia alikuja kuondoa vyombo. Aliinua bakuli la nyama, akasimama nalo.

"Baba mudogo, ule mchezo ni muzuri kweli, ao uliusifu tu?"

Zacharie alifikiri kudanganya. Ingekuwa rahisi.

"Ni mzuri," alisema.

"Na anafanana na Papa?"

"Anafanana sana. Ile namna ya kufuta miwani. Hata namna anavyoketi."

"Miye simukumbuki." Binti aliliweka bakuli chini. "Watu walikuwa wananiambia tu: alikuwa hivi, alikuwa vile. Sasa niko naye mu simu. Ninamuangalia kila siku, Mama asione. Nikifika pale anakonyeza, ninafunga macho." Akamgeukia Zacharie. "Yeye hakukonyeza, sivyo?"

"Hakukonyeza, mwanangu. Hakujua."

Lakini uani walikuwa wawili tu, na maneno hayo hayakuwa na gazeti, wala redio, wala pikipiki ya kuyafikisha Kabambare. Laetitia aliinua tena bakuli, akaingia nalo jikoni, na Zacharie akaenda kuianua ngozi.