Diski Niliyoipakata

Mashine yenyewe ilikuwa kompyuta kuukuu ya ofisi, nyeusi, ndogo kama mkebe wa biskuti, nami niliigeuza kuwa seva ya nyumbani. Kazi yangu ni kupiga video za harusi na mazishi, na kila nilichopiga kwa miaka mingi kilikuwa ndani yake. Wapangaji wenzangu pale Kawangware waliingia kwenye waifai yangu kwa simu zao, wakajitazamia sherehe zao bila kunibishia mlango. Lakini ilikuwa imechoka. Stima ikipotea na kurudi, ilichukua karibu robo saa kuwaka, ikikwaruza ndani kama panya darini.

Wiki hiyo ndiyo mwenye ploti tuliyopanga alinijia. Tulimwita shosho, yaani nyanya; alikuwa mjane, na ardhi ilikuwa ya ukoo wa marehemu mumewe tangu Kawangware ikiwa mashamba. Alisimama mlangoni, akakataa kiti.

"Ile video ulipiga siku mzee wangu alituita sisi wa hapa nyumbani, bado uko nayo?"

"Niko nayo, shosho."

"Mashemeji wanasema hakuniachia kitu. Wanakuja Jumapili baada ya kanisa. Nataka wamsikie na masikio yao." Akaitazama mashine, kisha akashusha sauti. "Na uchunge hiyo kitu. Mmoja wao alikuwa anauliza wewe unakaa chumba gani."

Alipoondoka niliwasha mashine nimtolee kopi kwenye flash. Haikuwaka. Ilikwaruza, ikaganda, nikaizima, ikaganda tena. Kwa nini wiki hii? Nilikagua kufuli ya mlango kama kuna alama. Nilijaribu kukumbuka nani alikuwa ameingia mle ndani, na kila niliyemkumbuka nilimwona na uso mwingine.

Kesho yake asubuhi niliitia kwenye begi nikaenda nayo hadi Kibera, kwa fundi mmoja mwenye kibanda kati ya Soko la Toi na Ayany. Nilimchagua kwa sababu alikuwa mbali na watu wa ploti. Alikuwa mwanamke wa makamo hivi, miwani imeshushwa puani. Aliifungua, akaisikiliza kama daktari.

"Diski yako haijakufa," akasema. "Ni ile sehemu ya kuwashia ndiyo imeharibika. Tutaongeza SSD ndogo, diski ya kisasa, mashine iwe inawakia hapo. Hii ya zamani ibaki stoo ya video tu. Wacha hapa, ukuje jioni."

"Nitangoja."

Akanitazama juu ya miwani. "Sawa, brathe. Ngoja."

Akachomoa diski ya zamani na kuiweka kwenye droo yake. Nikasimama.

"Unaipeleka wapi?"

"Naitoa nisije nikafuta mafaili zako nikiweka sistimu mpya."

"Nipe nishike."

Akanipa. Nikaipakata mapajani kama mtoto. Nilipoona hiyo SSD aliyoitoa kwenye boksi, niliomba niishike nayo. Ilikuwa nyepesi mno.

"Hii kweli iko na kitu ndani?"

"Haina kitu ya kuzunguka, ndio maana. Ama nikufungulie boksi ingine?"

Nikasema afungue nyingine. Ilikuwa nyepesi vilevile. Akaifunga kwa skrubu mbili, akaweka sistimu, na mashine ikawaka kabla sijamaliza kukohoa. Sikuamini macho yangu, na hilo nalo likanitia shaka.

"Sasa lete hiyo ya zamani tuichomeke tuone kama zinaelewana," akasema, mkono ameunyoosha.

Mashemeji wana pesa, niliwaza. Kumfikia fundi si kazi. "Nitaichomeka mwenyewe nyumbani," nikamjibu.

Nyumbani nikaichomeka. Mashine iliwaka mara moja, lakini diski ya zamani haikuonekana. Nilizima, nikawasha. Hakuna kitu. Nilikuwa na hakika amenibadilishia, ingawa diski haikuwa imetoka mapajani mwangu. Nilisadiki kwamba alifanya ule ujanja katika zile sekunde chache ilipokuwa kwenye droo.

Nilirudi Toi na mashine begini, nikiwa tayari kwa ugomvi. "Diski yangu iko wapi?" nikamuuliza mbele ya wateja wake.

Aliiwasha mashine, akaingia kwenye mipangilio yake, akanigeuzia skrini. "Hapa umechomeka waya kwa mlango umezimwa. Ofisi iliyokuwa nayo ndiyo iliuzima. Ungeniachia nijaribu, ningeona." Akabonyeza mara mbili, na mafaili yangu yote yakatokea, mazishi na harusi, mwaka kwa mwaka.

"Nisamehe, madam."

"Hata mimi sikukuamini," akasema akifunga kifuniko. "Mtu analeta mashine ya ofisi, hataki hata kuniachia? Nilijua umeiiba. Nilipiga picha namba yake ulipokuwa unaangalia droo."

Jumapili tuliketi sebuleni kwa shosho, mashemeji wawili, dada mkubwa wa marehemu, na mimi na mashine yangu kando ya televisheni. Mzee alitokea kwenye skrini akiwa na koti lake la kanisa. "Nyumba hii na vyumba vya nyuma ni vya mama wa watoto wangu," alisema. "Asisumbuliwe na mtu."

Shemeji mkubwa akacheka. "Siku hizi kompyuta inaweza kumfanya mtu aseme chochote. Na huyu ni mpangaji wake. Atakataa kumtengenezea?"

Wote walinigeukia. Ningethibitishaje?

"Rudisha nyuma," akasema yule dada wa marehemu. Nikarudisha. Akanyoosha kidole. "Huyo amebeba birika nyuma ya mzee ni nani? Ni mimi. Na mimi nimetengenezwa na kompyuta?"

Mashemeji waliaga chai ikiwa bado moto, na habari ya ploti haikuzungumzwa tena.

Walipotoka, shosho alichukua flash niliyomtolea kopi, akaifunga kwenye kitambaa, akaisukuma ndani ya blauzi yake. Kisha akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Sasa ifute kwa mashine yako."

"Shosho, ikipotea je?"

"Ifute nikiona. Hao wana pesa, na mtu hununuliwa."

Nikaifuta. Akauliza kama nina kopi nyingine mahali popote, nikamwambia sina, na ilikuwa kweli. Alinitazama usoni muda mrefu, kisha akaenda jikoni kuosha vikombe.