Jina la Duka Lililofungwa Siku Sitini

Nakumbuka asubuhi ile, mwanangu, Mama Shirima alipoona vitenge alivyozoea kuletewa yeye vikishushwa duka la jirani. Alisimama tu mlangoni, mkono kiunoni. Mimi ndiye niliyemfikisha hapo.

Ilikuwa miaka ya soko huria, intaneti bado ngeni Kariakoo. Nilikuwa nimetoka chuo, kijana wa kuwaza kila jambo mara kumi. Mama Shirima alikuwa na duka la vitenge hapo, wakala wa kiwanda cha ng'ambo, akaniajiri niliandikishie duka lake jina la intaneti la kupokelea barua pepe. Nikaliandikisha kwa kampuni moja ya Upanga, kwa jina langu, maana fomu ilitaka mtu. Masharti sikuyasoma.

Baadaye mitambo yao ikawa inazimika na barua zinapotea, tukaamua kuhamia kampuni nyingine. Hapo hofu ikanishika: si nitaitwa mwizi, mali ya Mama kuhama ikiwa kwa jina langu? Nikabadilisha mmiliki kwanza, nikaweka jina la Mama. Kumbe kwao, ukibadili mmiliki, jina hufungwa siku sitini. Halihami, wala haligeuzwi chochote.

"Masharti ulisaini mwenyewe, kaka," karani alisema bila kuinua macho.

Wapagazi wa sokoni nao wakanitania. "Msomi, bado hujahama tu? Sisi tungeshabeba."

Katika siku hizo kiwanda kiliandika kuuliza kama Mama anaendelea na uwakala. Barua haikufika; ilipotelea kwenye mitambo ile ile mibovu. Walipokosa jibu, wakampa jirani.

Mama hakupaza sauti. "Mimi nikichukua fremu ya duka hapa, kabla sijatoa kilemba cha kuingilia namuuliza mwenye nyumba: nikitaka kutoka, natokaje? Wewe na shahada yako hukuuliza?"

"Niliogopa wataniona mshamba, Mama."

"Haya. Sasa washamba tuko wawili."

Mwaka haukuisha, akairudisha fremu aliyoikalia tangu ujana wake. Nilimwomba radhi, akaitikia, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

Mwanangu, mimi niliwaza sana na kuuliza kidogo, na kuwaza peke yako si kujua. Mali ya mtu iandike kwa jina lake tangu siku ya kwanza. Na popote utakapoingia, iwe kazi, mkataba au nyumba, uliza njia ya kutoka ungali mlangoni, hata wakikucheka. Mungu akupe ulimi wa kuuliza mapema, na akuepushe na kumkosesha riziki aliyekuamini.