Kopo la Betri Mbovu

Kuna siku moja, mwanangu, naikumbuka hata nikiwa sitaki. Wewe kesho unafungua meza yako ya kutengeneza simu, basi kaa kitako nikwambie.

Simu za mkononi zilipoanza kuenea mjini, mimi nilikuwa kijana, fundi wa kibanda cha Mlandege, na kichwa kimenivimba kweli kweli. Kwa kutenganisha nilikuwa hodari. Bodi mbovu, vile vibao vya ndani ya simu, nazitia guniani, maana yuko mtu akija kuzinunua azipeleke Bara. Vioo na spika naweka akiba. Betri zilizokufa hazina mnunuzi. Hizo nachanganya na taka nyengine, jioni nakwenda kuzimwaga uani kwetu.

Fundi Saleh, mkubwa wangu wa kazi, aliniona.

"Betri zitie kwenye kopo la mchanga," akasema. "Kwani kwenu taka nani anachoma?"

"Shangazi."

"Basi mhurumie."

Nikacheka. "Ah, Fundi! Kitu hakina mnunuzi, nikitunzie kopo?" Wallahi, nilimjibu hivyo mtu mzima, mbele ya wateja.

Huyo shangazi, Bi Mize, ndiye aliyenilea. Alikuwa mshoni wa kofia za viua, zile za vitundu vinavyozungushiwa uzi kwa mkono, na siku zile akinishonea mimi ya harusi yangu. Asubuhi moja alifagia uwa kama kawaida yake, akazitia moto taka, akainama kuchochea kwa kijiti. Betri ikaripuka. Jicho la kulia likapotea pale pale, la kushoto likabaki la kuonea ukungu tu.

Hospitali aliniuliza, "Kitu gani kile, mwanangu?"

"Sijui, shangazi."

Nilijua. Astaghfirullah, nilijua tangu nilipousikia mripuko.

Hakushika tena sindano. Kila nikimshika mkono kumpeleka msikitini au chooni, akiniombea dua: Mungu akupe, Mungu akuzidishie. Akafa hajui anamwombea nani. Nilioa na kofia ya dukani. Yake ninayo sandukuni, upande mmoja una viua, upande wa pili kitambaa kitupu.

Sasa wanakuja watu wa utafiti kuniuliza kitu gani kinachowafanya mafundi watenganishe taka. Nawajibu kwa adabu, lakini wewe nakwambia kweli: bodi tunatenganisha kwa tamaa. Betri mimi nnatenganisha kwa aibu, na aibu yenyewe ilinijia nshaharibu.

Wewe usiingoje hiyo aibu. Kile asichokitaka mnunuzi ndicho ukitenge mwanzo, maana ndicho kinachorudi nyumbani kwako. Kopo la mchanga liwe chini ya meza kabla hujanunua bisibisi. Na ukimdhuru mtu, mwambie siku ile ile, akulaani akitaka. Mimi nilipewa dua tu, na kila moja ilinichoma.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, na akujaalie uombewe na mtu unayeweza kumtazama usoni. Amin.