Kimea Nilichokikaanga Itigi

Siku yangu ya kwanza kazini sikuruhusiwa hata kushika mwiko. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Nilifika asubuhi kwenye kilabu cha pombe cha kijiji chetu, Ihanja, nikidhani nitaonyeshwa mapipa na kuni. Mama Msimamizi, mkuu wa wapishi wote wa kilabu, alinitilia mkononi punje chache za mtama uliooteshwa na kukaushwa, yaani kimea, akaniambia nitafune.

"Unasikia nini?"

"Utamu, mama."

"Na baada ya utamu?"

"Sisikii kitu."

"Basi urudi kesho utafune tena."

Nilitafuna majuma mawili, mpaka nikaweza kutambua kimea kilichokauka sawasawa, kilichoanikwa kabla hakijaota vya kutosha, na kilichonyeshewa. Hapo ndipo aliponiruhusu kusogea motoni.

Vijana wanaonitembelea siku hizi hudhani pombe ya kienyeji ni kuchemsha unga na kusubiri. Sivyo. Mtama unalowekwa siku nzima, unachujwa maji, unatandazwa chini na kufunikwa kwa magunia mabichi. Ukishatoa vijimizizi unaanikwa hadi ukauke kabisa, ndipo unasagwa. Pembeni unapika uji mzito wa unga wa kawaida. Uji ukipoa kiasi ambacho mkono unavumilia, unatia kimea, nacho ndicho kinachoufanya uwe mwepesi na mtamu. Unauchemsha tena, unaupoza, unatia chachu, ambayo ni machicha ya pombe iliyotangulia. Kesho yake au keshokutwa inachujwa na kunywewa.

Vipimo vilikuwa vya kilabu. Debe moja la kimea kwa madebe kadhaa ya unga, kuni za namna fulani, muda fulani. Mama Msimamizi alivikuta hivyo na hakutaka mtu avichezee. Niliwahi kumuuliza itakuwaje tukichanganya uwele kidogo. Alisema, "Ukiwa na jiko lako utachanganya hata mawe. Hapa unapika pombe ya kijiji."

Jiko langu lilikuja kwa njia ambayo sikuitarajia. Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, kijiji kilikipangisha kilabu. Mpangaji alileta bia za chupa na redio kubwa, akapunguza wapishi. Mume wangu alikuwa amepata kazi kwenye genge la reli Itigi, wale wanaotengeneza njia ya treni. Nikamfuata na mtoto wetu Tekla mgongoni, na vipimo vya Ihanja kichwani.

Vipimo hivyo vilinikataa. Maji ya kisima cha Itigi yalikuwa na chumvichumvi, na mtama niliopata gulioni haukuwa ule wa kwetu. Pombe ya kwanza ilitoka nzito na yenye uchungu ukingoni mwa ulimi. Niliimwaga. Ya pili nilibadilisha mambo manne kwa pamoja, ikawa nzuri kidogo, lakini sikujua ni lipi kati ya hayo manne lililosaidia. Hapo nilipata somo ambalo hakuna aliyenifundisha: badilisha jambo moja tu, mengine yaache yalivyo. Nikaanza kupika kwenye vyungu vidogo vitatu, kila kimoja na tofauti yake, nikiandika kwa mkaa ukutani nilichotia. Nilijua uwele unapunguza uzito. Nilijua asali ya vichaka vya Itigi ukiichemsha inapoteza harufu, lakini ukiitia wakati pombe imeshapoa inabaki na harufu ya maua.

Mnywaji aliyenisaidia zaidi alikuwa mkuu wa genge, ambaye wote walimwita Nyapara. Alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye kupima maneno. Wenzake walikuwa wamehamia kwenye bia za chupa zilizoshushwa kreti kwa kreti pale stesheni. Yeye aliendelea kuja kwangu.

"Mzee, shikamoo. Leo ikoje?"

"Marahaba, Mama Tekla. Ni nzuri, lakini haina kitu cha kukumbukwa. Nikifika nyumbani nitakuwa nimeshaisahau."

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu yalikuwa kweli.

Mwaka ule mvua zilianza mapema na hazikukatika. Kimea changu kilikaa siku tano bila kuona jua. Siku ya sita nilifunua magunia nikakuta sehemu moja ina ukungu wa kijani kibichi. Kilinuka kama nguo iliyokunjwa ikiwa bado na maji. Ningekitupa. Lakini wanywaji walikuwa wanapungua, na chakula kilikuwa adimu hata nikaona aibu kutupa nafaka. Nikakipepeta, nikakikaanga kwenye sufuria kavu mpaka kikawa na rangi ya kahawa na harufu ya ukungu ikafunikwa. Nikakichanganya na kimea kizuri, kama sehemu moja kwa tano.

Pombe ile ilikuwa nzuri kuliko zote nilizowahi kupika. Ilikuwa na wekundu, na ulipoimeza ilibaki kinywani kama ukoko wa chungu uliokaangika vizuri. Watu waliomba waongezewe. Nyapara alikunywa taratibu, akaniangalia, akasema, "Hii nitaikumbuka."

Kesho yake asubuhi mume wangu alirudi kutoka kazini kabla ya saa nne. Wanaume saba wa genge walikuwa wanatapika na kuharisha. Nyapara alikuwa amebebwa hadi zahanati, hawezi kusimama.

Mchana alikuja Bwana Afya, ofisa aliyekagua majiko na vilabu. Alikagua mapipa yangu, akanusa machicha, akatazama ukuta na alama zangu za mkaa. Kila kitu kilikuwa safi. Alisema huenda ni nyama iliyochomwa pale stesheni, kwa kuwa wengine walikula huko. Alikuwa ameshafunga daftari lake.

Nilimwambia, "Ni kimea changu. Kilikuwa na ukungu. Nilikikaanga."

Alifungua tena daftari. Kisha akauliza, "Ulijua kina ukungu?"

"Nilijua."

"Ningeondoka bila kujua, mama. Kwa nini umeniambia?"

"Daktari atampa mzee dawa ya nyama mbovu."

Aliandika. Alinifungia jiko mpaka msimu wa mvua uishe, akaagiza nijenge kichanja cha kuanikia, kilichoinuka toka chini na chenye paa. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nyapara alilala zahanati siku nne. Siku alipoweza kuketi nilikwenda kumwona, nikapiga magoti mbele ya mkewe na mbele yake, nikawaeleza yote. Mkewe aligeuza uso dirishani. Mzee aliuliza maswali kama fundi: kiasi gani nilikaanga, kwa moto gani, kwa muda gani. Kisha akasema, "Umenidanganya kwa kitu kizuri. Kakipike kwa haki."

Sikuweza kwa miezi mingi. Hata nilipofunguliwa, ile sufuria ya kukaangia niliiacha kando. Lakini maneno yake hayakuniacha. Nikaanza upya, kwa kimea kikavu kabisa cha kwenye kichanja. Nikakaanga chote, uji ukakataa kuwa mtamu, kwani moto mkali unaua ile nguvu ya kimea. Nikakaanga nusu, pombe ikatoka chungu. Nilirudi polepole hadi kwenye sehemu moja kwa tano, ile ile niliyoifikia kwa udanganyifu. Nikaongeza asali kidogo wakati wa kupoza. Pombe ya kwanza iliyokamilika niliinywa mwenyewe siku tatu kabla sijampa mtu, mume wangu akinitazama bila kuuliza.

Nyapara alikuja na mkewe. Ni mkewe aliyepokea kata ya kwanza. Alionja, akampa mumewe. Ndipo nilipojua kwamba nimesamehewa, au angalau nimeruhusiwa kuendelea.

Nilipika pombe hiyo hadi moshi uliponiharibu macho na mgongo ukakataa kuinua pipa. Tulirudi Ihanja, na jiko nikamwachia mke wa mwanangu wa pili. Nilimkabidhi vipimo vyote, na habari ya ule ukungu nikamsimulia bila kuficha, maana bila hiyo vipimo havina maana.

Mwaka jana alikuja kutoka Itigi na dumu la pombe, akaniletea kata, akasimama mbali kidogo na mimi. Nilionja. Asali ilikuwa imepungua, na kulikuwa na kitu kichachu nisichokifahamu.

"Umetia nini?"

"Choya, mama, yale maua mekundu machachu. Na kimea cha kukaanga nimekipunguza. Kama nimekosea unisamehe."

"Hii siyo pombe yangu," nilisema.

Aliinamisha kichwa.

"Kimea ulikianika siku ngapi?"

"Nne, mama. Nikatafuna kila siku."

Nikamrudishia kata ili anijazie tena.