Magunia ya Maharage Kwenye Gari la Baba

Kaka yangu ni fundi magari Kasulu, na ukimpelekea gari lolote atakuuliza kwanza linabeba nini. Lile la marehemu baba halikuwahi kubeba kitu. Lilikuwa gari la mbio, la milango miwili. Tulipokuwa wadogo baba alikuwa akishindana nalo mpaka Kibondo, akirudi mwekundu kwa vumbi. Baada ya hapo likakaa miaka mingi chini ya turubai nyuma ya nyumba.

Mwaka huu wapenzi wa magari ya zamani wakatangaza mashindano ya Kasulu mpaka Kibondo, nami nikasema nitaliendesha. Jioni mama akasema, "Kama breki zinashika, nenda. Kama hazishiki, gari lirudi chini ya turubai."

Kaka alifanya kazi, siwezi kumsingizia. Alibadilisha shokapu, akafunga viatu vipya vya breki, akatoa upepo kwenye mabomba, mimi nikikanyaga pedeli na yeye akiniambia kutoka uvunguni nishikilie au niachie. Kisha akafanya linalofanywa na gereji zote za huku: akapakia nyuma magunia ya maharage ya wifi, ndipo akapima. Kwetu gari halitembei tupu, kwa hiyo hakuna fundi anayelipima tupu. Gari likabonyea, akaongeza chuma kwenye springi za nyuma mpaka likakaa sawa. Breki za nyuma zikaonekana dhaifu kwa mzigo ule, akafungua mpaka mwisho koki ndogo inayozigawia nguvu. Tulipojaribu lilisimama vizuri kabisa. Wifi akachukua magunia yake, akaenda sokoni.

Kesho yake nililipeleka kwenye mteremko wa upande wa Nyakitonto. Kaka alisimama kando ya barabara kuangalia magurudumu. Bila magunia gari lilikuwa limeinua makalio kama mbuzi anayekunywa maji, lakini mimi nilikuwa na haraka ya kuliona linakimbia. Nikateremka kwa kasi, nikakanyaga breki kabla ya kona. Magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka, mkia ukageuka kutaka kunipita. Niliiona barabara kwenye dirisha la ubavuni, halafu mihogo, halafu korongo. Liliposimama, gurudumu moja la nyuma lilikuwa ukingoni.

Nilitoka garini. Kaka alikuja akitembea, wala hakukimbia. Alinipita, akainama kwenye gurudumu.

"Limekuwa jepesi nyuma," akasema.

Hasira zikanipanda mpaka machozi yakanitoka. "Kaka, mimi si gunia."

"Ego," akajibu kwa Kiha, kwamba ndiyo, kichwa kikiwa uvunguni.

Tulirudi gereji polepole. Alitoa kile chuma alichokiongeza, akaipunguza koki, akajaribu, akaipunguza tena. Mimi nilikaa juu ya tairi nikimwangalia kwa jicho baya. Niliwaza kwamba ningetumbukia korongoni angekuja kupima springi kwanza. Alasiri akafuta mikono.

"Nenda nalo tena."

"Twende wote."

"Nani ataangalia magurudumu?"

"Utayaangalia ukiwa ndani."

Akaweka spana chini. Kaka analiogopa gari lile tangu utotoni. Baba alimpakia mara moja tu, akatapika njia nzima, na toka siku hiyo hulitengeneza lakini hajawahi kukaa ndani yake likiwa linatembea.

"Mushiki wanje," akaanza kunibembeleza, yaani dada yangu.

"Panda."

Akapanda. Nilihakikisha nimefunga mkanda wangu, na wake nikaufunga mwenyewe maana yeye alikosea tundu mara mbili. Juu ya mteremko nikasikia anasali kwa sauti ndogo. Nikateremka kwa kasi ileile. Kona ikaja, nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote.

Gari likainamisha pua, likanyooka, likasimama.

Nikataka kucheka, ila kuna kitu kilikuwa kimenibana kifuani nikadhani ni mkanda. Nikatazama chini. Ulikuwa mkono wa kaka, umenyooshwa mbele yangu kunizuia nisirushwe, mweusi kwa grisi. Yeye mwenyewe alikuwa amefumba macho, na mkono wake mwingine haukushika kitu chochote.