Mahali pa Gumba

Mama mkwe wangu haoni. Macho ni yale yale makubwa, akikugeukia utadhani anakuona, lakini tangu mwaka juzi amebaki na mwanga na kivuli tu. Hilo halimzuii kujua kwamba nimeunguza vitunguu, wala kunisema.

Geti la nyumba yake ni la vyuma vilivyokunjwa maua. Alilichomelea marehemu mumewe, fundi wa vyuma, kwa mkono wake mwenyewe. Kila mwaka kabla ya mvua mama hulikwangua kutu na kulipaka rangi upya, na hajawahi kumwachia mtu brashi. Safari hii shemeji, kaka mkubwa wa mume wangu, akasema imetosha. Kutu imeanza kula vyuma vya chini. Alikwisha kuzungumza na fundi: Jumamosi geti ling'olewe, liwekwe jipya la bati zito.

"Mama, huoni. Utapaka hapa, utaruka pale, na kutu itaendelea kula. Siku moja litamwangukia mtu."

"Nipe mpaka Jumamosi," mama akasema. "Nikiacha hata mahali padogo bila rangi, mlete huyo fundi wako."

Shemeji akanitazama. Mimi nikatazama dari. Mambo ya mama na mwanawe siyaingilii.

Nilipewa kazi mbili, kubeba makopo na kunyamaza. Ya pili ilinishinda. Nilidhani nitasimama pale nikimwelekeza, hapa mama, na pale mama. Wapi! Mkono wa kushoto ulitangulia ukipapasa, wa kulia ukafuata na brashi ya waya. Vidole vikikuta kutu vinasimama, anakwangua, anapapasa tena, kisha anapitisha msasa mpaka chuma kinalainika. Na mimi nikapitisha kidole mahali nilipoona pameshakuwa safi kabisa.

"Hapo bado," akasema, kanipa mgongo. "Nimesikia kucha yako inakwaruza."

Akaniagiza rangi ya msingi, ile inayotangulia kuzuia kutu, nikamletea kopo. Akalifungua, akanusa, akalifunika. "Hii ni ya juu. Unataka nivae koti kabla ya shati?" Nikasoma maandishi ya kopo. Kweli. Na mimi ndiye mwenye macho.

Kwenye nondo aliyofikia alifunga kipande cha kitambaa. Akimaliza nondo, kitambaa kinahamia inayofuata, hata akienda kunywa chai akirudi anajua pa kuanzia. Alipaka maua jani kwa jani, mbele na nyuma, akapaka bawaba, akapaka hata chini ambako mimi sijawahi kupatazama tangu niolewe. Chai yangu ilipoa mkononi. Nilistaajabu, sina neno jingine.

Ijumaa jioni nililikagua geti lote. Niliinama, nikapiga magoti, nikachungulia nyuma ya bawaba. Safi. Halafu nikapaona, kwenye komeo lenyewe: mahali padogo pa ukubwa wa kidole gumba, chuma kitupu kinang'aa. Nikafungua kopo haraka nichovye brashi.

"Acha hapo," mama akasema kutoka kwenye kigoda chake. Alikwisha kusikia kifuniko.

"Mama, umepasahau!"

"Sijapasahau. Baba yenu akirudi kazini alikuwa anapitisha mkono katikati ya vyuma, anasukuma komeo kwa gumba. Kila siku, hapo hapo. Rangi haikukaa. Mwishowe nikaacha kupapaka."

Ndipo nikaelewa. Kila asubuhi mama husimama getini na kitambaa chenye mafuta, na mimi siku zote nilidhani anavizia habari za majirani. Kumbe anapafuta, pasishike kutu. Miaka yote hii tangu mzee azikwe.

"Lakini mama, shemeji akipaona kesho, geti linaondoka."

"Najua."

"Tone moja tu la rangi, mama."

"Nikipapaka hapo, nitakuwa nimebaki na geti la nini?"

Nilifunga kopo.

Jumamosi shemeji alifika na fundi wake, futi mkononi. Shemeji si mtu wa kupitwa na kitu. Alipita ndani, akapita nje, akainama mbele ya komeo, na nilijua amepaona. Nilisali kimoyomoyo. Yeye, akiwa kule nje, akapitisha mkono katikati ya vyuma, akaweka gumba lake pale, akasukuma. Komeo likalia.

Mama aliinua kichwa kwa ghafla, kama mtu aliyeitwa. Shemeji naye hakuutoa mkono, aliganda pale pale, mtu mzima yule, macho yamejaa machozi.

Mama akasema, "Umeona mahali nilipoacha?"

Shemeji akamtazama fundi, akatikisa kichwa. Fundi akakunja futi yake.

"Sijaona, mama."

"Basi macho yako ni mabovu kuliko yangu," mama akasema, akijifuta uso kwa upande wa kanga. "Ingia. Na ufunge taratibu, rangi bado mbichi."